UZI: Kushindanisha madabodi kwa haki, soma kabla hujaamini grafu ya mtu

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za majukumu. Nimefungua huu uzi kwa sababu kila siku mtu anauliza "kati ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) hii na ile ipi kali", anakuja mwingine na grafu inaonyesha bodi moja imeizidi nyenzake asilimia 3 au 4 kwenye Cinebench (programu ya kupima kasi ya prosesa), mjadala unaishia hapo na mwenye swali anaenda kuongeza laki mbili dukani. Inaniuma kusema kweli. Hela zetu ni za kutafuta kwa jasho, na mara nyingi ile asilimia 4 haijatoka kwenye bodi kabisa, imetoka kwenye setingi moja ya BIOS (menyu ya setingi za bodi yenyewe) ambayo hata bodi ya bei ya chini inayo.

Turudi nyuma kidogo. Zamani bodi ilikuwa inabadilisha spidi ya mashine kweli kweli kwa sababu kidhibiti cha RAM kilikaa kwenye chipseti, ile chipu inayoongoza bodi, yaani juu ya bodi yenyewe. AMD wakakiingiza ndani ya prosesa mwaka 2003 kwenye Athlon 64, Intel wakafuata 2008 na zile Core i7 za kwanza. Kuanzia hapo kazi kubwa yote inafanyika ndani ya prosesa, bodi imebaki kuleta umeme safi, kupitisha nyaya za RAM na kugawa njia za PCIe (za kadi ya picha na SSD). Kwahiyo ukichukua bodi mbili, prosesa ile ile, RAM ile ile, setingi zimelingana, majibu yanatakiwa yafanane. Yasipofanana usikimbilie kusema bodi A ni kali, tafuta kwanza ni kitu gani hakijalingana.

Na kitu cha kwanza ambacho huwa hakijalingana ni mipaka ya wati. Chukua i5-12400 ambayo wengi tunaimudu. Intel wameiandikia wati 65 za kawaida na 117 za turbo, yaani inapopandisha spidi kwa muda. Bodi moja ukiiwasha tu inafuata hizo namba, inaipa 117 kwa muda halafu inashusha hadi 65. Bodi nyingine inaiachia prosesa itumie 117 muda wote bila kushuka, na nyingine imeandika 4096 kwenye BIOS, maana yake hamna mpaka. Sasa weka Cinebench R23 ya dakika 10 kwenye hizo bodi, unategemea nini? Ya pili na ya tatu ndo zenye nafasi ya kushinda, na zikishinda hicho ulichopima sio ubora wa bodi, umepima nani kavunja mpaka. Ni sawa na kushindanisha wakimbiaji wawili halafu mmoja kaanzia mita ishirini mbele.

Na huku kuvunja mpaka sio jambo la kuchukulia poa. Mnakumbuka 2024 prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa i9 na i7, zilivyokuwa zinakufa taratibu, gemu zinajifunga, mashine inaleta skrini ya bluu. Chanzo kikubwa kilikuwa voteji iliyopanda kupita kiasi kutokana na maikrokodi (programu ndogo inayoongoza prosesa kwa ndani), Intel wakatoa maikrokodi 0x129 mwezi wa nane na 0x12B mwezi wa tisa na wakaongeza dhamana miaka 2. Lakini kabla ya hapo ndo watu walishtuka kugundua kwamba bodi nyingi zilikuwa hazifuati setingi za Intel toka zinatoka kiwandani, i9-14900K ambayo kikomo chake ni wati 253 inaachiwa tu ile inavyotaka. Kwahiyo grafu nyingi za zamani zilizoshindanisha bodi za Z690 na Z790 zilipimwa kwenye BIOS ambazo leo hakuna anayetakiwa kuzitumia. Ukiona grafu haijaandika toleo la BIOS, ipite.

AMD nao wana lao. 2020 ilibainika kuna bodi za soketi ya AM4 zinaidanganya Ryzen (prosesa ya AMD) kuhusu umeme inaotumia. Prosesa inaisoma bodi, bodi inasema "unatumia wati 90" wakati ukweli ni 110, prosesa inaona bado ina nafasi na inapandisha spidi. Watu wa HWiNFO, programu ya kusoma sensa za mashine, waliongeza kipimo cha kukamata huo uongo, kinaitwa Power Reporting Deviation, unakisoma wakati prosesa imebanwa asilimia 100, kikikaa karibu na 100 bodi inasema kweli, kikishuka mno bodi inapunguza namba. Hapo ndo utaona kwamba hata kusawazisha mipaka kwenye BIOS peke yake hakutoshi, inabidi upime umeme kwa kifaa cha nje.

Nawekea nafasi, naendelea na jinsi ninavyopanga vipimo.

#2 Mleta uzi

Naendelea.

Kabla ya kushindanisha bodi A na B, shindanisha A na A. Narudia kwa sababu hiki ndo kinarukwa na karibu kila mtu. Funga bodi A, pima, fungua kila kitu, futa pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa, paka upya, funga tena bodi ile ile, pima tena. Utakuta namba zimetofautiana kidogo, labda nusu asilimia, labda moja na nusu, kwa sababu pesti haikukaa vilevile, hitisinki (chuma cha kupoza) imebanwa tofauti, chumba kimepata joto, Windows imeamua kufanya mambo yake. Hiyo tofauti ndo kelele ya vipimo vyako. Tofauti yoyote ya A na B iliyo ndogo kuliko hiyo kelele haina maana, usiiandike kama ushindi. Na ukimaliza B rudi A tena mwisho wa kazi, kama A imebadilika toka asubuhi basi kuna kitu kimehama katikati na inabidi ukitafute.

Prosesa iwe moja kwa bodi zote, namaanisha kipande kile kile, sio "zote ni 12400". Silikoni hazifanani, moja inahitaji voteji kubwa kuliko nyenzake na hiyo peke yake inaleta tofauti ya joto na wati. RAM vivyo hivyo, pawasaplai vivyo hivyo, SSD vivyo hivyo.

RAM ndo mtego mkubwa wa pili. Mtu anakwambia "nimewasha XMP kote, 3600 kote, CL18 kote" anaona kamaliza. XMP (profaili ya spidi iliyoandikwa ndani ya RAM) inaweka taimingi chache tu kuu, yaani muda RAM inaosubiri kati ya kazi na kazi, zile ndogo ndogo nyingi kama tREFI bodi inajichagulia yenyewe, na bodi ya bei ya juu mara nyingi inazibana zaidi. Halafu kwenye Intel kuanzia kizazi cha 11 kuna habari ya Gear, Gear 1 kidhibiti cha RAM kinakimbia sawa na RAM na Gear 2 kinakimbia nusu. Kwa prosesa zisizo na K kama hiyo 12400 voteji ya kidhibiti imefungwa, kwahiyo 3600 mara nyingi haikai kwenye Gear 1, bodi moja inagoma kuwaka na nyingine inahamia Gear 2 kimya kimya bila kukwambia. Skrini ya Windows inakuonyesha 3600 kote kote, unadhani umesawazisha kumbe hujasawazisha chochote. Kwa vipimo vya kulinganisha mimi naweka DDR4 3200, naandika taimingi zote kwa mkono, zile ndogo pia, halafu nahakiki kwa programu ndani ya Windows. Inachosha ila ndo kazi yenyewe.

Kloku ya msingi nayo iangalie, ile ambayo spidi ya prosesa inapatikana kwa kuizidisha. Inatakiwa 100 MHz. Kuna bodi zinaweka juu kidogo ya hapo, na hii tabia ni ya toka enzi za FSB (njia ya zamani kati ya prosesa na chipseti), mtu anaona 133 kwenye BIOS kumbe bodi inakimbia juu kidogo ili ishinde kwenye magazeti. Nusu asilimia hapo ni nusu asilimia kwenye kila kipimo.

Kwenye Windows: toleo moja kwa bodi zote, apdeti zimezimwa baada ya kuwekwa, pawa plani moja, na hakikisha Memory Integrity (ulinzi wa ndani ya Windows) ipo sawa kote, imewashwa kote au imezimwa kote. Inapunguza fremu kwenye baadhi ya gemu na kuna usakinishaji mwingine unakuja nayo imewashwa, mwingine haiji nayo. Mimi nasakinisha upya kwa kila bodi, diski moja inayohamishwa bodi hadi bodi inabeba madraiva ya bodi iliyopita. Resizable BAR, setingi inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi ya picha, nayo hivyo hivyo.

Ukipima gemu shusha rezolusheni, 1080p au chini zaidi, setingi za picha chini. Ukipima 4K unaipima kadi ya picha, bodi zote zitatoa namba moja na utasema "hazina tofauti" bila kuwa umepima kitu.

Kila kipimo, ile ya kwanza ya kupasha moto itupe, halafu rudia angalau mara tatu, chukua ya katikati. Usichukue iliyo bora. Hapo ndo watu wanateleza, wanaipenda bodi fulani moyoni na mkono unachagua namba.

#3 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu shukrani, uzi umeenda shule. Ila nina pingamizi. Mtumiaji wa kawaida hafungui BIOS maisha yake yote. Ananunua, anafungiwa na fundi, anawasha. Sasa kwa yule mtu ushindani wa haki si ule wa bodi ilivyotoka kiwandani? Ukisawazisha kila kitu unapima bodi ambayo hakuna anayeitumia.

#4 Mleta uzi

Hoja yako ni nzito mkuu na nakubaliana nayo nusu. Ndo maana kwenye meza yangu kuna vipimo vya aina mbili na havichanganywi kwenye grafu moja hata siku moja.

Cha kwanza kila kitu kimesawazishwa, kazi yake ni kujibu "je hii bodi ina tatizo lolote?" Majibu yakilingana, sawa, bodi ni nzima. Cha pili bodi ilivyotoka boksini, XMP tu imewashwa, kinajibu "huyu anayewasha tu atapata nini?" Lakini hiki cha pili hakiruhusiwi kutoka bila namba tatu pembeni yake: wati prosesa ilizokula, joto la prosesa na voteji. Ukiandika bodi B imeipita A asilimia 5 inabidi mstari huo huo msomaji aone kwamba ilikula wati nyingi kuliko A. Hapo ataamua mwenyewe, na ataelewa kwamba A nayo akibadilisha namba moja kwenye BIOS inaweza kufika pale pale, ikiwa VRM yake (sakiti za kuipa prosesa umeme) inahimili.

Na hapo kwenye VRM ndo bodi zinapotofautiana kweli, sio kwenye Cinebench ya dakika moja.

#5 Mleta uzi

Niifafanue hiyo VRM maana ndo roho ya uzi. VRM ni zile sakiti zinazozunguka soketi ya prosesa, zinachukua volti 12 toka kwenye pawasaplai na kuzishusha hadi volti moja na kitu. Bodi ya bei rahisi ina chache, tena mara nyingi hazina hitisinki. Zikipata joto sana bodi inaiamuru prosesa ishuke spidi ili zisiungue. Kipimo kifupi hakikuonyeshi hili kwa sababu joto la VRM linapanda taratibu, dakika ya pili kila kitu safi, dakika ya ishirini prosesa imeporomoka. Kwahiyo kipimo cha VRM ni nusu saa kwenda juu, Blender (programu ya picha za 3D) au Cinebench ya kuzunguka bila kusimama, na unarekodi spidi ya prosesa kwa sekunde toka mwanzo hadi mwisho. Mstari ukinyooka bodi inaweza kazi. Ukianza kukatika meno ya msumeno umeshapata jibu lako.

Bodi nyingi za bei ya chini hazina sensa ya VRM, na zenye nayo kila moja imeiweka inapotaka, kwahiyo namba za sensa za bodi mbili hazilinganishiki. Tumia waya wa kupimia joto, ile thamokapo ya aina ya K, ni bei ndogo, ibandike nyuma ya bodi usawa wa VRM, sehemu ile ile kwa kila bodi.

Feni nazo zinaharibu kipimo hiki. Kula (kipoza cha prosesa) ya kawaida ya kupuliza chini inapoza VRM bila kukusudia, kula ya maji inaiacha bila upepo kabisa. Chagua moja, itumie kote, feni ziwe spidi moja ya kudumu, usiiachie bodi iongoze feni kwa sababu kila bodi ina mpango wake.

#6 Mchangiaji, Tanga

Hapo kwenye joto ndo nataka nikuulize mkuu. Hawa jamaa wa Ulaya wanapima vyumba vina nyuzi 21. Mimi huku mwezi wa pili chumbani ni 32 saa nane mchana, usiku 28. Sasa namba zao nazisomaje?

#7 Mleta uzi

Swali zuri sana hili. Namba ya joto bila joto la chumba haina kazi. Unachotoa ni tofauti, VRM ikisoma 81 kwenye chumba cha 21 maana yake imepanda 60 juu ya chumba. Huku kwako kwenye 32 tegemea kama 92, na kwa uhalisia itazidi kidogo maana vipuri vya umeme vikipata joto vinapoteza zaidi. Kwahiyo bodi ambayo kule imepita kwa shida, huku pwani inaweza kuanza kujipunguza spidi, na grafu yao haikudanganya, ila haikupimwa kwa ajili yetu. Hii ndo sababu mimi nataka sisi wenyewe tuwe tunapima na kuweka humu.

Ukipima mwenyewe weka kipimajoto karibu na sehemu kula inapovuta hewa, andika namba mwanzo na mwisho wa kila kipimo. Usipime bodi A saa nane mchana na B saa tano usiku. Kama una AC iweke namba moja na subiri chumba kitulie, kama huna pima zote usiku, tofauti ya joto inakuwa ndogo.

Na umeme, kwa wale ambao umeme unapanda na kushuka, tumieni UPS. Kipimo kikikatwa katikati usiunge, anza upya.

#8 Mchangiaji, Nairobi

Niaje wadau. Hizi bodi za X99 za kichina na Xeon (prosesa za seva za Intel) watu wengi wanachukua kwa sababu ya bei, unazipimaje hizo? Nimeona E5-2670 v3 kwa bodi moja iko juu sana kuliko bodi ingine na chip ni hiyo hiyo.

#9 Mleta uzi

Karibu ndugu yangu. Hizo zinahitaji umakini mara mbili. Kwanza nyingi zimeandikwa X99 lakini chipseti iliyo chini ya hitisinki ni Q87 au B85 au H81 iliyotolewa kwenye bodi zingine, kwahiyo idadi ya SATA na USB za kasi usiamini boksi. Pili kuna zenye nafasi 4 za RAM lakini chaneli (njia za prosesa kwenda kwenye RAM) ni 2 tu, na kwa Xeon ya core 12 chaneli 4 dhidi ya 2 inaonekana wazi kwenye kazi zinazokula kumbukumbu. Hakiki kwa programu ya CPU-Z kabla hujapima chochote.

Hiyo tofauti uliyoiona kuna uwezekano mkubwa ni turbo iliyofunguliwa. Xeon za v3 zina ujanja wa BIOS unaozifanya core zote zikae kwenye turbo ya juu, 2670 v3 inakaa 3.1 core zote badala ya kushuka. Muuzaji mmoja anaiweka tayari, mwingine hajaiweka. Kwahiyo iweke kote au itoe kote. Kwa v4 kama 2680 v4 huo ujanja haufanyi kazi, ukisikia mtu anakuuzia kwa sifa hiyo kimbia.

Na bodi hizo VRM zake ndo kabisa usiache kupima, hizo prosesa ni wati 120.

#10 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu mimi fundi, sina maabara. Nataka niwe napima bodi za wateja kabla sijawafungia, naomba vifaa vya lazima tu. Na SSD je, mteja mmoja alilalamika slow kwenye M.2 (nafasi ya SSD juu ya bodi) ya pili.

#11 Mleta uzi

Heshima kwako fundi, kazi yako ndo inaokoa watu.

Kuhusu SSD, hiyo sio lazima iwe hitilafu. M.2 ya kwanza kwa kawaida inaenda moja kwa moja kwenye prosesa, ya pili inapitia chipseti. Kwenye bodi ya B550 ya kwanza ni PCIe 4.0 na za kupitia chipseti ni 3.0. B450 ndo mbaya zaidi, njia za chipseti ni 2.0, kwahiyo SSD ya kasi ukiichomeka hapo inashuka karibu nusu au chini ya nusu. Ukishindanisha bodi mbili pima nafasi ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, na SSD usiijaze, SSD iliyojaa inaandika taratibu na utaisingizia bodi.

Vifaa: HWiNFO ya bure inarekodi kila kitu kwenye faili, Cinebench bure, Blender bure, LatencyMon bure na hii usiidharau, inaonyesha draiva za bodi zinazosababisha sauti kukatika, kitu ambacho grafu za spidi hazigusi kabisa. iperf3 kwa ajili ya netiwaki, unahitaji mashine ya pili na kebo. Thamokapo moja, kipimajoto cha chumba kimoja, na kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachosoma wati. Cha ukutani kinasoma mashine nzima pamoja na kinachopotea kwenye pawasaplai, ila ukiwa na pawasaplai moja na kadi moja, tofauti ya bodi na bodi utaiona. Ukipata uwezo baadaye tafuta klampu mita inayopima DC, unaishika kwenye waya za volti 12 za kebo ya prosesa, unazidisha ampia kwa 12, hapo umepata wati zinazoingia kwenye VRM na hakuna BIOS inayoweza kukudanganya.

Daftari pia. Toleo la BIOS, toleo la Windows, mipaka ya wati, taimingi za RAM, joto la chumba, aina ya kula, spidi ya feni. Mtu mwingine akichukua ukurasa wako akiwa na bodi ile ile anatakiwa apate namba zinazokaribiana na zako.

#12 Mchangiaji, Dodoma

Nimekuelewa mkuu pale juu. Nina bodi mbili hapa, H610 na B660, zote za RAM ya DDR4, na 12400 moja. Nianze na lipi?

#13 Mleta uzi

Anza na H610 kwa H610, fungua funga, upate kelele yako. RAM weka 3200 kote maana H610 hairuhusu kupandisha juu ya hapo. Mipaka andika 65 na 117 kwa mkono kote, muda wa turbo sekunde 28 kote, pima. Halafu weka 117 muda wote kwa bodi zote mbili, nusu saa, thamokapo nyuma ya VRM, rekodi spidi. Ukimaliza weka faili za HWiNFO zenyewe humu, sio picha ya skrini, tuzisome wote.